Kandambili Kwenye Foleni

Kandambili ya mama mkwe ilivuka uwanja wa shule peke yake. Ilikuwa ya kijani, ya mguu wa kushoto, kisigino kimelika upande mmoja, na kamba yake ilishonwa kwa uzi mweusi. Ilichukua mchana kutwa kuvuka. Kila foleni iliposogea niliisukuma mbele kwa kidole cha mguu, nikasimama nyuma yake, nikaitazama mpaka macho yakanilegea.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mkunga, na uzazi hauna saa.

Kila uchaguzi ulimwendea hivyo hivyo. Mara aliitwa kabla hajatoka nyumbani, mara aliitwa akiwa mlangoni mwa kituo, kadi mkononi. "Nimezalisha nusu ya wapiga kura wa mtaa huu," alikuwa akisema, "mwenyewe sijapiga hata moja." Tulicheka, naye alicheka. Lakini asubuhi ile, nilipokuwa natandika kitanda chake, niliikuta kadi chini ya mto, nikampa. Alikuwa amezeeka, na macho yalianza kuingia ukungu. Alijua, nami nilijua, kwamba safari hii ikimpita huenda hatapata nyingine.

Mwaka ule vituo viwili vya jirani vilifungwa bila maelezo, na watu wote wakaelekezwa kwenye shule yetu. Foleni ilianzia mlangoni mwa darasa, ikazunguka bomba la maji, ikajikunja uwanjani mara kadhaa kama kamba iliyotupwa. Halafu karatasi za kura zikachelewa. Zilipofika jua lilishapanda, na tangazo la getini halikubadilika: mwisho saa kumi na moja jioni.

"Wachelewe wao, tulipe sisi," alisema fundi viatu aliyekuwa mbele yetu.

"Subira yavuta heri," sauti ikamjibu kutoka nyuma.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema fundi, na watu wakacheka kivivu, maana joto lilikuwa limeanza.

Tulikuwa bado upande wa pili wa uwanja, mbali na bomba, pale dereva wa pikipiki aliposimama getini akapiga honi. Hakuhitaji kusema. Mama mkwe alimwangalia, akaangalia mlango wa darasa, akashusha pumzi. Kisha akainama, akavua kandambili moja, akaiweka mbele yangu.

"Mwanangu, nishikie nafasi," aliniambia. "Nusu yangu inabaki hapa."

Aliondoka akichechemea, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila. Niliolewa kwake miaka mingi kabla ya siku ile, na hakuwahi kuniomba kitu. Aliniheshimu kama mgeni anavyoheshimiwa, nami nilimwogopa, tena nilimwogopa hasa. Nilitamani kuitwa mtoto wa nyumba ile, na sasa nilikuwa nimekabidhiwa kiatu.

Mtaani kwetu kitu cha mtu ni mtu. Bomba likikauka, ndoo hupanga foleni na wenyewe wakaenda zao. Kliniki utakuta jiwe, kofia, hata gazeti limekunjwa, na kila kimoja kina mwenyewe na hakuna anayekiruka. Kwa hiyo kandambili ilipewa nafasi yake, upana wa mtu mzima mmoja. Wauza maji waliizunguka. Fundi viatu aligeuka, akaikagua. "Mshono wangu huo," alisema, kisha akaigeuza kidogo kwa mkono ili ielekee mbele.

Mchana uliyeyuka. Kutoka dirishani nilisikia karatasi zikichanwa kitabuni, na mlio mdogo wa kifuniko cha wino. Mawingu yalipita juu ya paa taratibu, nayo kama yamepanga foleni. Nadhani nililala nimesimama, maana nilimwona mama mkwe ndani ya kandambili ile, mfupi, amejifunika khanga, akiniambia nisiisukume kabla ya wakati. Nilipozinduka tulikuwa tumesogea hatua chache, na kivuli changu kilikuwa kimeifunika.

Saa kumi na moja kamili askari alifunga geti. Alipita kwenye foleni akihesabu kwa sauti, akigusa bega la kila mtu kwa fimbo yake. Alipofika kwetu alimgusa fundi viatu, akagusa ardhi kando ya kandambili, akanigusa mimi, akaendelea. Msimamizi wa kituo, binti mwembamba aliyechoka mpaka midomo imekauka, aliandika jumla kwenye kiganja chake kwa kalamu. Hao tu, alitangaza, wala asiongezeke mtu.

Giza lilianza kunywa rangi za uwanja. Fundi viatu aliingia darasani. Mbele ya mlango ilibaki kandambili.

Ningeweza kuiruka. Kadi yangu ilikuwa mkononi na miguu iliniwaka moto. Lakini nilimgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu, nikamwambia, "Pita tu." Akapita pembeni, bila kuigusa. Aliyemfuata naye nikampisha. Wakapita mmoja mmoja, na kila mmoja aliizunguka, mpaka nyuma yangu pakawa uwanja mtupu.

Msimamizi alitoka, akatazama kiganja. "Wamebaki wawili," alisema. "Mbona namwona mmoja?"

Askari ndiye aliyejibu, amesimama wima, akitazama mbele. "Niliihesabu, bosi. Ilikuwa kwenye foleni."

"Ulihesabu kiatu?"

"Nilimhesabu mkunga."

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Mama mkwe alikuwa ameshika vyuma vya geti, mikono ya gauni imelowa, mguu mmoja una vumbi mpaka kwenye kifundo. Hakulia wala hakubembeleza. Alisimama tu, akihema.

Msimamizi alimwangalia, akaangalia kandambili, kisha akaniangalia mimi. "Huyu alikuwa kwenye foleni?"

"Tangu asubuhi," nikasema. Nilisema kwa nguvu mpaka nikajishtukia.

Alisugua kiganja kwa kidole gumba, namba haikufutika. "Hesabu lazima itimie," alisema mwishowe, na askari alikuwa ameshaanza kuzungusha ufunguo.

Mama mkwe alivaa kandambili yake mlangoni, akaingia. Alikaa sana humo ndani. Nilimwona kupitia mlango ulio wazi: alitumbukiza karatasi kwenye sanduku, lakini hakuondoka. Aliinama karibu nalo, kichwa upande, mikono mgongoni, na karani aliyeshika wino hakuthubutu kumharakisha. Ndipo akanyoosha kidole kichovywe.

Nilipomaliza zamu yangu nilimkuta nje. Akanishika mkono, akauegemea kwa uzito wake wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mtoto gani, Mama?" nilimuuliza.

"Wa kike. Nilimwambia asubiri kidogo, hakusikia." Tulitembea. Baada ya muda akacheka peke yake. "Nimejiaibisha mle ndani, mwanangu. Mazoea. Nilikuwa nasikiliza kama kura italia."

Aliyempigia kura hakushinda. Mwaka uliofuata macho ya mama mkwe yalifungika kabisa, na kabla ya uchaguzi mwingine tukamzika.

Nimepiga kura mara nyingi tangu siku ile, kwenye vituo vinavyozidi kuwa mbali na foleni zinazozidi kuwa ndefu. Kila nikitumbukiza karatasi huwa nainamisha kichwa kidogo kando ya sanduku. Karani huniuliza, "Kuna tatizo, mama?" Namwambia hapana, nisubiri kidogo tu.