Mwenye Shamba la Mtoni

Nitegulie hiki, wewe unayesoma: nalima mimi, anabeba yeye, wanafukiwa samaki. Umeshindwa? Basi nipe Bukoba nzima na soko lake, nikuambie. Ni mto. Kila masika hapa Nyakatuntu unazoa udongo wetu, unaupeleka ziwani kufukia mazalia ya samaki.

Mwaka huu serikali ikatoa fedha za kuliokoa ziwa kwa kuanzia huku shambani. Anayelima kando ya mto aache mita sitini, apande majani ya kushika udongo. Na kwa kuwa majani hayo mtu hali, mwenye shamba anapewa ng'ombe wa maziwa.

Sasa, kwetu kibanja cha migomba na kahawa ni cha baba. Omusiri, kishamba cha njugu mawe kule mtoni, ni jasho la wanawake. Miaka thelathini na moja nimeinama pale, na mume wangu Ndyamukama hajawahi kung'oa hata gugu moja. Lakini siku ya kupima alitangulia yeye, amevaa koti la kanisani.

Bibi shamba Mackrine akatuamkia. “Shikamoo baba, shikamoo mama. Mwenye shamba ni nani?”

Mume wangu akakohoa. “Tupime kwanza.”

Likiandikwa jina lake, ng'ombe ni wake. Akiamua kumuuza, mimi nitabaki kusikia tu.

“Haya baba, tuonyeshe mpaka.”

Akaondoka kwa madaha, sisi nyuma. Akayapita mafunjo, akayapita mawe ya mpaka niliyoyapanga mwenyewe, akasimama katikati ya maharage. “Linaishia hapa!”

Jirani yangu Auleria akainuka na jembe lake. “Karibu, Baba Winston! Umekuja kunipalilia, au umekuja kuposa?”

Tulicheka mpaka Mackrine akadondosha kipimo. Ndyamukama akarudi kinyumenyume, mguu ukazama topeni, ukatoka bila kiatu.

“Mama Winston,” akaninong'oneza, “mpaka uko wapi?”

“Muulize mwenye shamba, baba.”

Nikatangulia mimi, jiwe kwa jiwe, Mackrine akipima. Tulipomaliza akafungua fomu. “Haya wazee wangu, niandike nani?”

Ndyamukama akautazama mguu wake wenye tope, kisha akanitazama mimi.

“Andika Evangelina,” akasema. “Na kama kuna nafasi hapo chini, mimi niandike mkata majani.”