Umenawiri, Mashallah

Mimi sisifii mtu ovyo. Muulize yeyote anayenijua, kuanzia Tanga mpaka hapa ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park: Sakeena binti Alibhai akionja biriani yako akakuta haina chumvi, atakwambia mbele ya wageni. Akina mama wa msikitini wananiogopa kidogo, na kusema kweli nilikuwa nalipenda jambo hilo. Ndiyo maana neno moja nililomwambia mdogo wangu Shabnam alilichukua akaenda nalo nyumbani kama cheti cha daktari.

Nianze na mama yetu. Kila jioni baada ya kuoga alituketisha kwenye jamvi, mimi na Shabnam, akatupaka mafuta ya nazi miguu, mikono, mpaka nyuma ya masikio. Hayakuwa mafuta ya ajabu, aliyapika mwenyewe jikoni. Kisha maji glasi moja, kisha kulala. Basi. Hakuna siku aliyoruka, hata siku aliyofiwa na mama yake. Leo nina miaka sitini na tatu, naishi ghorofa ya kumi na moja, baridi ya huku inapasua watu midomo, na mimi bado napaka mafuta yale yale, natembea kila asubuhi hadi bondeni na kurudi, na nikishaswali Isha nimelala. Ngozi yangu haina ugomvi na mtu.

Shabnam naye alikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka jana, bintiye Farhat alipochumbiwa. Mume wa Shabnam alikwisha kufariki, na harusi ile ndiyo ilikuwa shughuli yake kubwa duniani. Aliniambia anataka picha moja tu: yeye na Farhat wamesimama pamoja, na watu waulize mama ni yupi. Ndipo akamwona kwenye simu mwanamke mmoja, kope ndefu kama fagio, anauza krimu inaitwa Nuru Saba. Siku ishirini na moja, rangi ya utotoni inarudi! Makopo yamebaki kumi na mawili tu, dada zangu, wahini! Na kila jioni makopo yalikuwa yamebaki kumi na mawili. Nikamwambia Shabnam, huyu mwanamke hata kuhesabu hajui, halafu wewe unampa uso wako?

"Kopo halijaandikwa hata limetiwa nini," nikasema. Nilikuwa nimelishika mkononi, jikoni kwake kule mtaa wa Dixon. "Bora upake samli."

"Na wewe unanuka kashata," akanijibu. "Ukipanda basi watu wanageuka kumtafuta mpishi."

Siku nyingine ningecheka. Lakini alikuwa ameyagusa mafuta ya mama, nikaudhika, nikasema maneno ambayo siyarudii hapa. Moja lilihusu umri wake na jingine ujane wake. Nikachukua koti nikaondoka. Miezi mitatu hatukusemezana, dada na mdogo wake, mji mmoja. Kila jioni nikimaliza kupaka mafuta naitazama simu. Hailii. Na mimi sipigi. Kichwa changu ni kigumu, na chake kilikuwa vilevile.

Tulionana kwenye majlisi, mwezi mmoja kabla ya harusi. Ukumbi wa akina mama umejaa, naingia, namwona amekaa kwenye kiti, yeye ambaye siku zote hukaa chini mkekani. Amezungukwa. Uso umekuwa wa mviringo, mweupe, unang'aa. Mashavu yamejaa hata mikunjo ya macho imepotea. Na wenzangu wanamwaga sifa. Kwetu mtu akijaa hupongezwa. Ni aliyekonda ndiye anayeulizwa ana nini. "Umenawiri, mashallah! Umerudi msichana! Harusi imekukubali!" Hata Bi Shireen, mwenzangu katika kazi ya kuosha maiti, alimbusu mara mbili.

Mimi nilimtazama miguu. Ni mazoea. Miaka kumi na tisa nawaosha wanawake wa jamii yetu wanapofariki, na mtu akishaosha miili mingi hujifunza kuisoma. Viatu vya Shabnam havikufungwa mikanda. Bangili za dhahabu alizoachiwa na mama zilikuwa zimezama mkononi. Ule haukuwa unene, yalikuwa maji. Niliwahi kuona miguu kama ile, na nimeiona juu ya meza ya kuoshea.

Nilijua. Nataka hili lieleweke. Sikuhisi tu, nilijua.

Aliponiona akainuka kwa shida, watu wakatupisha. Akanishika mikono yote miwili. "Dada," akasema, "hawa wananisifia tu. Wewe husemi uongo. Nimenawiri kweli?"

Miezi mitatu, jamani! Mikono yake ilikuwa ya moto ndani ya mikono yangu, na nilikuwa na hamu naye mpaka naumwa. Nikaona nikisema kweli atadhani nimeanza tena, atajichomoa aende zake. Nikajiambia, leo tupatane kwanza, kesho nitamwambia, nitampeleka hospitali mwenyewe. Nikasema kwa sauti kubwa, wote wasikie: "Umenawiri, mashallah."

Alilia kwa furaha, na mimi nikalia. Tulikula sahani moja siku ile.

Kesho yake sikumwambia. Alinipigia simu kuzungumzia vitambaa vya harusi, tukacheka mpaka tukakohoa, nikaona haya kuharibu. Kesho kutwa vilevile. Nilikuwa nimempata mdogo wangu tena, na kila siku nilitaka siku moja zaidi ya kucheka naye. Siku ya kumi na nane Farhat akaniita hospitali. Daktari alisema figo zake zilikuwa zinavuja, na bonge la damu limetoka mguuni likaingia kwenye mapafu. Kwenye damu yake walikuta zebaki. Zebaki, ile ya kwenye vipimajoto vya zamani, na walisema imetoka kwenye krimu! Alikaa siku nne, ya nne akafa. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

Yule mwanamke wa kope nilimlaani mchana kutwa. Nilifungua simu nikamwona anatabasamu, na makopo bado yamebaki kumi na mawili.

Sikukubali Shabnam aoshwe na watu wengine. Chumbani tulikuwa watatu: mimi, Bi Shireen, na Farhat, ambaye aliomba mwenyewe kushika jagi la maji. Maiti hatakiwi kubaki na kitu chochote kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi, kwa hiyo kwanza ilinibidi nimtoe krimu. Ilikuwa imeganda kwenye malaika, vile vinywele laini vya paji la uso, na nyuma ya masikio. Nikaisugua polepole kwa kidole mpaka ikaisha, na chini yake ngozi ilikuwa na mabaka mabaka. Nikashuka kwenye miguu. Kidole gumba changu kikazama kwenye ugoko wake, nikakiinua, na shimo likabaki pale pale.

Tukamwosha kwa maji ya mkunazi. Tukamwosha kwa maji ya kafuri. Farhat siku zote hunijibu kwa Kiingereza, lakini pale alianza kusema Kiswahili, cha kubabaisha, kwa ajili yangu. Nadhani aliniona nilivyokuwa.

"Masi," akasema, maana ndivyo sisi tunavyomwita dada wa mama, "usilie sana. Wewe ulimpa furaha. Siku ile ya majlisi mama alirudi nyumbani anaimba. Jumatatu alikuwa aende kwa daktari, mimi nilimlazimisha, sababu ya miguu. Akapiga simu, akafuta kwenda. Akasema, Dada Sakeena amesema nimenawiri, na yeye hasemi uongo."

Bi Shireen alinitazama, kisha akainamisha macho.

Nikainama mpaka kwenye sikio la Shabnam, lile ambalo mama alikuwa akilipaka mafuta. Nikamwambia: "Nilikudanganya. Hukunawiri, ulivimba. Niliona nikanyamaza. Nisamehe, mdogo wangu."

"Umemwambia nini, Masi?"

Ningeweza kusema nimemwombea dua, naye angeamini, kama mama yake alivyoamini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, polepole, asipoteze hata neno: viatu, bangili, na kwamba niliitambua ile miguu tangu nilipovuka mlango.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaliweka jagi ukingoni mwa meza, taratibu, akavua glavu moja, akavua ya pili, akatoka. Maji matupu, yale ya tatu na ya mwisho, nilimmwagia mwenyewe.