Kikapu cha Wimbi Kilichokwenda Amerika

Persis Bonareri alikuwa ameinama katika shamba lake la pareto tangu umande, akichuma maua meupe kwa mikono miwili. Jua lilipochomoza aliyamwaga juu ya mkeka, akayatandaza kwa kiganja yasilaliane. Ua lililooza lilikataliwa na wanunuzi. Lililokauka vizuri lilinunuliwa kwa bei waliyoipanga wao, huko ng'ambo lilikokwenda.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano. Mvua iliwakimbia watu, na katika maduka ya Ekerenyo unga ulipanda bei mpaka wanawake wakawa wanausalimia tu na kupita.

"Mama," mkaza mwanawe Gesare aliita kutoka jikoni, "watoto wanauliza kama leo pia ni ndizi."

"Waambie ni ndizi za leo. Za jana walikula jana."

Siku hiyo ndiyo ambayo chifu aliwaita watu. Chifu Machogu alikuwa amepita mlango kwa mlango na askari wake, akitangaza kwamba Amerika imeleta mahindi ya manjano, na kwamba bwana mkubwa wa ubalozi atakuja mwenyewe kuyatoa. Kisha aliongeza amri yake: "Mtu asije na nguo za Sabato. Njooni na matambara na madebe matupu, wageni waione njaa."

Persis alioga, akavaa gauni lake la Sabato, akajifunga kitambaa cheupe kichwani. Alitungua kikapu chake kwenye msumari ukutani, akakung'utia ndani yake unga wa wimbi uliobaki chunguni, akaufunika kwa jani la mgomba.

Gesare alishika mlango. "Mama! Hilo ndilo wimbi la mwisho."

"Najua. Nililisaga mimi."

"Lakini tunakwenda kupokea, hatuendi kutoa."

"Kwenu hawakukufundisha? Mtu akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Hata ukiweka ndizi mbili."

"Hao ni Amerika, mama. Hao wana kila kitu."

"Hawana wimbi langu," alisema Persis, akaondoka.

Uwanjani kwenye shule, magunia yalipangwa kama ukuta. Kila gunia lilikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana. Watu walikuwa wamemtii chifu. Hata wenye viatu walikuja pekupeku. Jirani yake Bitutu, aliyevaa gunia juu ya gauni zima, alimtazama kuanzia kitambaa mpaka miguu.

"Mong'ina Persis, mama mzima, umekuja kuolewa?"

"Nimekuja kusalimiana. Hebu iangalie hiyo picha. Kuna mkono ulio chini ya mwingine?"

Bitutu aliitazama sana. "Haupo."

"Basi."

Magari mawili yakaingia. Bwana wa ubalozi alikuwa mtu mrefu, mwekundu shingoni, mwenye uso wa wema. Alihutubu juu ya urafiki wa taifa kubwa na taifa changa, na mwalimu Josiah Onchiri akawafasiria. Mtu wa kamera akawapanga wanawake wenye matambara mbele. Wakati wa kupiga makofi ulipofika, Persis alipita katikati yao akiwa na kikapu chake, akasimama mbele ya mgeni na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Mgeni alifunua jani, akatabasamu, akatia mkono mfukoni.

"Anauliza unauza kiasi gani," alisema mwalimu kwa sauti ya chini.

"Mwambie sikuja sokoni. Ameleta chakula kwetu. Nasi tuna chakula cha kumpa. Hili ni wimbi. Aipikie familia yake uji."

Mwalimu alimtupia chifu jicho, kisha akafasiri neno kwa neno. Shingo ya yule bwana ikazidi wekundu. Alitoa mkono mfukoni, ukiwa mtupu, akakipokea kikapu kwa mikono miwili kama alivyopewa. Halafu akamshika Persis mkono. Kamera haikupiga, mtu wake alikuwa bado akitafuta mtoto mwembamba.

Magari yalipoondoka, mgao ukaanza. Persis alisimama kwenye mstari chini ya jua mpaka zamu yake ikafika. Chifu Machogu alimzuia mpimaji kwa fimbo.

"Huyu hapana. Huyu ana chakula cha kulisha Amerika."

Watu wengine walicheka, wengine wakatazama chini.

"Chifu, nina wajukuu."

"Ungewakumbuka kabla ya kuniaibisha. Nimewaambia wakubwa hapa kuna njaa, wewe unaleta harusi!"

Bitutu alimnong'oneza kwa nyuma, "Piga goti kidogo tu, mong'ina, yaishe."

Persis aliyatazama yale mahindi, manjano kama kiini cha yai. Aliwaona wajukuu wake machoni pake, mmoja mmoja. Goti lake halikukunjika.

"Yamekuja kwa heshima," alimwambia chifu. "Ni wewe unayetaka yaingie nyumbani kwangu kwa aibu." Akatoka kwenye mstari.

Gesare alimwona kutoka mbali, mikono yake ikining'inia.

"Mahindi yako wapi?"

"Yamebaki kwa chifu."

"Na kikapu?"

"Kimekwenda Amerika."

Gesare alikaa chini kwenye kizingiti. Alitaka kulia, kikatoka kicheko, kisha vyote viwili vikachanganyika. Usiku ule walikula ndizi. Wiki ile ile, gunia lenye picha ya mikono lilionekana dukani kwa shemeji wa chifu, likiuzwa kwa kibaba. Persis alilipita akiwa na mzigo wake wa pareto kichwani, hakuligeukia.

Gesare alipotaka kutundika chujio la chai kwenye ule msumari mtupu, Persis alimzuia.

"Uache wazi."

"Mama, kweli unadhani watakirudisha?"

"Mimi nimefanya yangu," alisema Persis, akiutandaza mkeka wa pareto juani. "Chombo chao hakikurudi kitupu. Sasa wao ndio walio na changu."