Vijiwe vya Kichwani mwa Sangara

Judith aliweka simu yake juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema anakwenda kupalilia mihogo kidogo. Bibi Getruda alijua ile mihogo imepaliliwa juzi, lakini alimwacha aende. Jirani akikuachia simu na bando lake ili uongee na mjukuu wako bila haraka, humuumbui.

Mjukuu mwenyewe, Sabina, alikuwa mwaka wa tatu huko Norwei, akisomea viumbe wa baharini. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha simu na kofia ya sufu kichwani, ingawa alikuwa ndani ya nyumba.

"Unakula, mama?"

"Nakula, bibi. Ni huu utafiti tu unaonikondesha."

Akaeleza. Ikifika Ijumaa, kila mwanafunzi apeleke swali lake. Mwenye swali zuri kuhusu maji ya kwao atapewa nauli akalifanyie kazi huko huko kwao, kuanzia mwezi wa saba. Asiye na swali atabaki kuhesabu samaki wa wenzake. Leo ilikuwa Jumatano, na Sabina hakuwa na swali.

Bibi alisogea karibu zaidi na simu. Miaka mitatu hajamshika mkono mtoto huyu.

"Wenzako wanauliza nini?"

"Wengi wanasoma vijiwe. Samaki ana vijiwe viwili kichwani, karibu na ubongo. Ukipasua kimoja unakuta mistari kama ya mti uliokatwa, kila mwaka mstari wake. Hapa makabati yamejaa, na kila bahasha ina tarehe aliyovuliwa samaki. Vya ziwani kwetu hawana hata kimoja."

"Hivyo vyeupe? Mbona mimi ninavyo."

Ilikuwa hivi. Kila binti au mkamwana wake alipojifungua, Bibi Getruda alimpikia mzazi supu ya kichwa cha sangara. Vile vijiwe alivifunga kwenye kipande cha kitenge, kila mtoto kitenge chake, akaviweka kwenye kopo la majani ya chai. Sababu kubwa hakuwa nayo. Vilikuwa vizuri, na siku kama ile hakuona vyema kuvitupa.

"Ninyi wajukuu saba, vifundo saba," alisema. "Nilikuwaga napika siku ileile mtoto anapozaliwa, sangara katoka majini asubuhi."

"Kwa hiyo tarehe zote tunazijua?"

"Si zipo kwenye kadi zenu za kliniki?"

Sabina akavua kofia. "Kesho nionyeshe, bibi. Tafadhali."

Bibi aliona haya vijiwe vinuke shombo mbele ya wasomi. Akachukua limau, lile lile analosugulia mikono akishapara samaki, akaanza na kifundo cha Sabina. Kijiwe kikatoa mapovu madogo, kama soda. Akashangaa, akakisogeza sikioni asikie. Alipokifuta, mng'ao ulikuwa umekwisha. Akafuta kwa nguvu zaidi, kikapasuka vipande viwili.

Alikaa chini. Baadaye, kwa kuwa hakuweza kujizuia, alivipeleka vile vipande juani akavitazama. Mistari ilikuwepo kweli, mingine minene, mingine myembamba kama uzi. Hadi usiku, hata akichambua maharage, aliiwaza.

Alhamisi Judith alikumbuka tena mihogo yake.

"Nimekuharibia, mjukuu wangu," bibi alisema. "Tena kile cha kwako."

"Kisogeze kwenye simu. Bibi, mbona umekipasua vizuri kuliko mimi? Ila limau acha. Linavila."

"Nimeacha. Sasa niambie, hii mistari anaiandika nani?"

"Baridi. Wakati wa baridi samaki hali sana, anasimama kukua, na mstari unabana."

"Hiyo ni huko uliko. Sisi baridi tunaitoa wapi? Huyu wa kwetu kaandikiwa na nini?"

Sabina alitikisa kichwa. "Wanabishana, bibi. Wengine wanasema mvua, wengine wanasema kuzaa."

"Wanabishana, na vifundo vipo hapa? Binamu yako Rhobi wa Butiama alizaliwa masika, maji yameingia mpaka kwenye viazi. Masanja wa Bunda naye alizaliwa kiangazi, hata mbuzi walikuwa wanalala njaa. Si uangalie ule mstari wa nje kabisa wa kila samaki, ule wa siku zake za mwisho, uone alikuwa anakua au alikuwa amesimama?"

Uso wa Sabina ukatoweka kwenye kioo. Bibi akadhani simu imekatika.

"Rudia, bibi. Polepole, naandika."

Jibu lilifika Jumatatu kwenye simu ya Judith, naye akalisoma mara mbili bila kuombwa: "Swali limepita. Vifundo saba havitoshi, nitapima na samaki wengine wanaoshushwa mwaloni, lakini tutaanza na vyako. Mwalimu kaniuliza nimelitoa kitabu gani. Nimemwambia nimelitoa kwa bibi. Nakuja."

Mwezi wa saba ulipoingia, Bibi Getruda aliteremka mwaloni kwa Mseti, muuza samaki.

"Kichwa cha sangara? Kuna mzazi?"

"Kuna mgeni. Sabina anafika Musoma leo."

"Yule msomi wa bahari? Maji yetu yalimkosea nini akayakimbia?"

"Hayajamkosea. Yeye ndiye anakuja kuyaomba radhi."

Mseti alicheka, akashusha kisu. Alikata mbali nyuma ya shingo, akaacha nyama ya kiganja kizima kwenye kichwa, akafunga haraka kama vile hakuona alichofanya. Bibi aliona.

Nyumbani alivitoa vijiwe viwili, akavisuuza kwa maji matupu, akavifunga kifundo cha nane. Limau alilikamulia kwenye supu.