Fausta na Mchoro wa Kompyuta Kubwa

Printa ya tawi la Tunduma iligoma Jumatatu asubuhi, Oktoba ya mwaka 1997, na kufikia Jumatano lawama zote zilikuwa zimemwangukia Fausta Nzunda.

Fausta alikuwa binti wa mkulima wa kahawa wa Ihanda. Huo ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa karani wa mizigo katika kampuni ya usafirishaji yenye makao makuu Dar es Salaam. Huko Dar ndiko ilikokuwa kompyuta kubwa ya kampuni, makabati matatu marefu ndani ya chumba chenye baridi. Tunduma walikuwa na skrini moja na printa moja tu, zilizounganishwa na makabati hayo kwa laini ya simu. Kila lori lililovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, lilipaswa kuwa na hati ya mzigo iliyochapwa na printa hiyo. Bila hati, dereva hakupewa ruhusa ya kuondoka.

Skrini ilifanya kazi vizuri. Fausta aliandika hati, akaamuru ichapwe, na kila mara jibu likaja lilelile: kifaa hakijulikani.

"Dar wanasema mashine imeharibiwa huku," alisema Mzee Abdulswamad, meneja wa tawi, mtu wa Tanga asiyependa kelele. Alisimama mlangoni na barua mkononi, wala hakumtazama usoni. "Wanasema ni uzembe. Nimeandika uhamishiwe ghala la Mlowo, ukahesabu magunia. Barua inaondoka na basi la Ijumaa."

"Mzee, Jumapili kule Dar walibadilisha mambo kwenye kompyuta. Jumatatu printa ikagoma. Hilo hamlioni?"

"Wao ndio mafundi, Fausta. Mimi na wewe ni nani?"

Fausta alisubiri Mzee atoke, akavuta simu, akaomba Dar. Baada ya kuhangaika na laini kwa robo saa alimpata Zahoro, mhandisi wa kompyuta, kijana mwenye sauti ya kuchoka.

"Dada Fausta, nimeshakwambia, huku kila kitu kiko sawa. Huo ni waya wenu, au umeimwagia printa chai."

"Sinywi chai mezani pangu. Waya nimeukagua kutoka ukutani hadi kwenye mashine. Kwenu umekagua nini?"

Zahoro akavuta pumzi. "Sikiliza. Mchoro wa mitambo yetu yote umo ndani ya kompyuta. Nakufungulia ruhusa ya kutazama, si ya kugusa. Utazame mwenyewe, halafu uniache nifanye kazi."

Alimfungulia ili amnyamazishe. Fausta akaichukua ruhusa ile kama alivyoyachukua mambo yote ya kazi, kwa uzito.

Mchoro ulipofunguka hakuelewa kitu. Yalikuwa masanduku yaliyochorwa kwa vistari, mistari ikishuka kutoka juu, kila sanduku na namba yake. Na skrini ilionyesha kipande kidogo tu. Kitufe kimoja kilimpeleka kulia, kingine kushoto, kingine chini, na kila aliposogea alipoteza alikotoka, kama mtu anayetazama ukumbi mzima kupitia tundu la ufunguo.

Akachukua fomu za zamani, akazigeuza nyuma, akazigundisha pamoja hadi zikatosha ukuta wa nyuma ya meza yake. Halafu akaanza kunakili kwa penseli, skrini moja baada ya nyingine. Juu kabisa kompyuta yenyewe. Chini yake njia zinazotoka humo. Chini ya njia, masanduku yanayosimamia vifaa, na mwishoni kabisa vifaa: skrini za Mwanza, za Arusha, za Mbeya.

Lucky, dereva kutoka upande wa Nakonde, alichungulia dirishani, akamwita mama kwa Kibemba.

"Bamayo, nimelala hapa siku tatu. Sasa unachora?"

"Nachora njia yako ya kwenda nyumbani," Fausta akasema. "Nenda kakae."

Saa nane alidhani amepata. Mstari wa Tunduma ulikuwa umeingia kwenye njia ya Mwanza. Akapiga simu.

"Hapana," Zahoro akasema. "Hiyo ni mistari inayopishana tu. Ikiungana, utaona alama ya jumlisha. Bila jumlisha, mmoja unapita juu ya mwenzake." Nyuma yake watu wakacheka, bila shaka alikuwa amewasimulia.

Masikio ya Fausta yakawaka moto. Aliweka simu chini taratibu, akaandika pembeni mwa karatasi: jumlisha, imeungana. Kisha akachukua kifutio, akafuta kazi ya saa mbili.

Alhamisi asubuhi alikuja na wazo jingine. Kwa nini achore nchi nzima wakati anatafuta kitongoji kimoja? Mwanzoni mwa mchoro palikuwa na nafasi ya kuandika unachotaka kuchorewa. Akaandika namba ya sanduku linalosimamia vifaa vya nyanda za juu kusini, lile tu. Mchoro mpya ukaja, mwembamba, wa kurasa tatu. Huu aliweza kuufuata kwa kidole, akiunakili nao ukutani.

Skrini yake ilikuwa B20. Akaiona, imeungana, jumlisha ipo. Printa yake ilikuwa B2F. Akasogea kulia: B21, B22, akaendelea hadi B2E. Hapo mstari ukaishia. Akasogea tena kulia, kutupu. Akashuka hadi ukurasa wa mwisho, na huko akaikuta B2F katika kisanduku chake, peke yake, haina mstari wa kwenda popote.

Alikaa akiitazama. Kisha akarudi kwenye lile sanduku la juu. Ndani yake paliandikwa: kuanzia B20, vifaa 15.

Akahesabu kwa vidole. Mashine ile ilihesabu sifuri hadi tisa, ikaendelea na A hadi F. Tarakimu F ilisimama badala ya kumi na tano. Lakini sifuri nayo ni kifaa. Kutoka B20 hadi B2F, ukihesabu vyote, ni kumi na sita.

"Kaka Zahoro," alisema simu ilipopokewa, "usicheke kwanza. Fungua sanduku la nyanda za juu. Soma idadi ya vifaa."

"Kumi na tano."

"Hesabu majina yake. Anza na sifuri."

Akasikia vitufe vikibonyezwa, halafu vikakoma. Hakuna aliyecheka nyuma.

"Niliandika mimi," Zahoro akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Jumapili. Nipe hadi saa saba, nirekebishe watu wakienda kula."

Saa saba na dakika kumi printa ilikohoa, kichwa chake kikakimbia kushoto na kulia, na hati za siku nne zikaanza kutoka kwa mfululizo. Mzee Abdulswamad alitoka ofisini kwake aliposikia mlio. Alisimama mbele ya ukuta wenye mchoro kwa muda mrefu, Fausta akimwonyesha kwa penseli mahali mstari ulipoishia. Kisha akatoa barua mfukoni, akaishika kwa mikono miwili tayari kuichana.

"Usiichane, Mzee," Fausta akasema. "Dar wameshaniandika mzembe kwenye faili langu. Ukichana hiyo, ya kwao inabaki. Andika nyingine. Sema kosa lilikuwa wapi, na nani aliliona."

Mzee akamtazama, safari hii usoni. "Nitaandika nini? Mambo haya siyajui."

"Kaa, nitakusomea."

Akavuta kiti. Fausta akamsomea mchoro kuanzia juu, pole pole, naye akaandika kwa mkono wake, akiuliza kila asipoelewa. Walipomaliza alitia sahihi na muhuri. Fausta akachukua nakala yake, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Halafu akakusanya hati, akafungua dirisha na kuanza kuita madereva kwa majina, mmoja mmoja, kwa jinsi walivyofika.