Meneja wa Tumboni

Jumatatu asubuhi, viazi vitamu vya kutengenezea peremende vikitokota jikoni, wafanyakazi wa kiwanda cha peremende cha Larrazábal, mjini Puebla, walikusanyika kumlaki meneja mpya. Bado alikuwa tumboni. Mama yake, Doña Leonor, mke wa mwenye kiwanda, aliketishwa juu ya kreti, na kutoka chini ya gauni lake sauti nyembamba ikawasalimu, kisha ikaamuru moto upunguzwe.

Nicolasa Tecuapetla akaupunguza. Tangu meneja wa zamani, kaka yake Doña Leonor, afariki, yeye ndiye aliyekiendesha kiwanda, na Don Heriberto, mwenye mali, alikuwa amemwahidi ufunguo wa ofisi mbele ya watu wote. Lakini ahadi ya tajiri kwa asiye damu yake ni moshi tu.

"Afadhali huyu," alinong'ona Chucho, muosha masufuria. "Mjomba'ke alikuwa anaingia saa sita, ananuka bia. Huyu analetwa mapema, atake asitake."

Wiki hiyo Doña Leonor alishikwa na hamu ya vitu vitamu, na meneja akaagiza sukari iongezwe maradufu. Peremende zikakataa kukauka. Zikatupwa zote, na aliyekaripiwa ni Nicolasa.

Akavua aproni, akamwendea Don Heriberto.

"Naacha kazi. Tutaonana mahakamani."

"Nico, mama, hasira za nini? Wewe si kama damu yetu?"

"Hiyo 'kama' ndiyo iliyonichosha, Don."

Mzee akafikiri, kisha uso ukamkunjuka. "Basi mwanangu utambatiza wewe, uwe mama yake wa ubatizo. Tutaitana kompadre na komadre, ndugu wa ubatizo. Nani tena atakuita mtu wa nje?"

Akawa amemfunga kamba. Puebla huwezi kumshtaki mtu uliyembatizia mtoto. Hata mama yako mzazi atakufungia mlango. Na kumkatalia mtoto ubatizo ni aibu kubwa zaidi. Nicolasa akavaa aproni yake tena, roho ikimuuma.

Meneja alipozaliwa, maneno yalimwisha, akabaki na kilio. Hakuna aliyeona kazi yake imeshuka. Baada ya ubatizo na masinia ya mole, mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, kitanda chake kiliwekwa ofisini, nyuma ya meza kubwa.

Siku hiyo hiyo Don Heriberto alimwita Nicolasa mbele ya wote, akamkabidhi ufunguo wa ofisi. Watu wakapiga makofi.

"Chukua, komadre," alisema. "Uwe unaingia kumbadilisha nepi."