Kuvuja kwa Pakacha

Zuwena alikuwa amepiga magoti sakafuni, mafaili yamemzunguka, na hili lilikuwa rundo la tano. Alikuwa ameanza kwa utaratibu kabisa: faili la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la kumi na mbili akakumbuka kwamba kabati la chini hajalikagua, akainuka. Njiani akakiona kikombe cha chai ya asubuhi, akapiga funda moja, chai imeshapoa. Nje pikipiki ikaunguruma, akachungulia. Aliporudi kwenye rundo hakujua tena lipi amelitazama na lipi bado, akaanza upya.

Mzee Mwinyimadi wa Soga alikuwa amesimama dirishani tangu saa mbili.

"Mwanangu, halijaonekana?"

"Bado, mzee. Leo litapatikana, inshallah."

"Maana humo ndimo mna kila kitu. Karatasi ya marehemu baba, sahihi za majirani, za mwenyekiti. Nilileta zenyewe. Sikuambiwa nitoe kopi."

Kampuni ya upimaji ya Bikoni Njema, yenye vyumba vinne pale Mkuza, haikuwa na desturi ya kumwambia mtu atoe kopi. Wanakijiji walileta karatasi zao halisi ili wapimiwe mashamba wapate hati, na karatasi zikalala masijala kwa Zuwena. Shamba la mzee lilikuwa ekari tatu za mihogo. Tangu stesheni ya treni ya umeme ifunguliwe jirani yake, watu wa mjini waliokuwa hawaijui Soga walianza kuiulizia kwa simu.

Ubaya ni kwamba Zuwena alijua faili lilikokwenda. Wiki tatu nyuma, siku ya mvua, meneja Bernard alisimama mlangoni akasema, "Nipe la Mwinyimadi, nalirudisha sasa hivi." Akampa. Akavuta rejista aandike, simu ikalia, mpima yuko Dutumi anataka vipimo. Alipoikata simu, rejista ilikuwa imemtoka akilini kama vile haijawahi kuwapo duniani.

Juzi alimfuata meneja kumkumbusha. Bernard alimtazama kwa huruma. "Mimi? Umechanganya mambo, Zuwena. Katafute vizuri."

Naye akaenda kutafuta. Mtu mwenye akili zake angekataa, lakini huyu alikuwa na miaka thelathini na sita ya kuambiwa amechanganya mambo, na mara nyingi alikuwa amechanganya kweli. Mwaka jana tu alifunga ofisi mteja akiwa chooni. Alikuwa amezoea kumwamini kila mtu kabla ya kujiamini mwenyewe, basi akawa anapekua makabati kutafuta kitu alichokitoa kwa mkono wake.

Saa sita Bernard akaingia, akaruka rundo moja, akaangalia saa.

"Andika barua ya kujieleza. Alhamisi saa nne, kamati."

Recho, afisa utumishi, alimfuata mpaka koridoni. Alikuwa na sauti ya kubembeleza, ya mtu anayempa mtoto dawa chungu. "Si uliniambia unahudhuria kliniki? Leta barua ya daktari, mdogo wangu. Mgonjwa haonewi."

Zuwena alikuwa ameanza kliniki baada ya Ramadhani. Siku ya kwanza Hajra, mwanasaikolojia, hakumuuliza kwa nini anasahau. Alimuuliza anasahau vipi. Ukianza kufua, unamaliza? Ukizungumza na mtu, unasikia na ya meza ya jirani? Ukikaa, miguu inakaa? Zuwena alicheka, kila swali limempata, halafu kicheko kikageuka kilio na hakuona haya. Hajra akataka ripoti zake za shule ya msingi. "Hali hii haianzi ukubwani," alisema. "Kama ipo, ilikuwapo tangu utotoni."

Jumamosi akaenda kwao Kisarawe. Mama yake, Bi Mwanakheri, alivuta sanduku la bati uvunguni, na ripoti zote zilikuwamo, zimefungwa kwa kipande cha kanga. Zuwena akasoma kwa sauti. Darasa la pili: ana akili ila hatulii. La nne: ana kiherehere. La sita: ana uwezo mkubwa, mzazi amkanye.

Bi Mwanakheri alikuwa anamenya mihogo. Kisu kikasimama.

"Na mimi nilikukanya," alisema. "Kwa fimbo ya mpera. Kila ripoti ilipokuja."

"Hukujua, mama."

"Nilijua unalia." Akaendelea kumenya.

Hajra alizisoma ripoti moja moja, akampa jina la kitu hicho: upungufu wa umakini na utulivu. Si uvivu, si jini, si adabu mbaya. "Akili yako ni nzima. Ila hujui kuchagua cha kusikiliza, unasikiliza vyote." Zuwena alitoka pale akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza alitembea barabarani bila kujitukana. Kila wiki akarudi kujifunza vijimbinu: andika papo hapo, kitu kimoja kwa wakati mmoja, omba kuelekezwa kwa maandishi. Vilimsaidia, pale alipokumbuka kuvitumia.

Sasa aliomba barua. Hajra alishika kalamu bila kuandika.

"Barua yangu ni ya kukusaidia ufanye kazi. Si ya kujibu kosa."

"Dada Recho kasema mgonjwa haonewi."

Hajra akaandika ukurasa mzima, akapiga muhuri.

Alhamisi kamati ilikaa. Bernard mwenyekiti, Recho katibu, na Latifu, dereva, aliyewakilisha wafanyakazi. Kuwakilisha kwenyewe kulikuwa ni kutazama meza. Zuwena alitoa barua kwa mikono miwili. Chini ya meza goti lake lilikuwa linaruka, akalikandamiza kwa kiwiko, likaruka na kiwiko.

Bernard alisoma kimya. Kisha akarudi mstari mmoja nyuma, akausoma kwa sauti, taratibu, ili Recho aandike.

"'Huweza kusahau alikoweka vitu.'" Akaiweka barua mezani. "Basi. Daktari amejibu."

"Bosi, endelea chini. Ameandika kinachotakiwa. Chumba kitulivu, maelekezo ya maandishi..."

"Tutasoma. Kwanza faili."

"Faili nilikupa wewe. Siku ya mvua. Ulivaa koti la kijivu, ulisimama pale mlangoni, ukasema unalirudisha sasa hivi."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na ulikumbuka kuandika kwenye rejista?"

Feni ilikuwa inagonga, mtu anacheka barabarani, kalamu ya Recho inakwaruza, na vyote Zuwena alivisikia kwa pamoja.

"Hapana," alisema.

"Koti nililovaa umelikumbuka, rejista umeisahau." Bernard aliwageukia wenzake, karibu amhurumie. "Mnaona hali yenyewe? Si kosa lake. Anaamini kabisa anachosema."

"Latifu, ulikuwa kibarazani siku ile," Zuwena alisema. "Ulimwona ametoka nalo."

Latifu alikuwa na watoto wanne na gari la kampuni. Aliitazama meza. "Siku za mvua nyingi, dada," alisema.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Recho aliandika kwamba kamati imepokea kwa masikitiko taarifa ya ugonjwa wa mtumishi, na kwamba faili limepotea kutokana na ugonjwa huo. Akamsogezea karatasi.

"Saini hapa, mdogo wangu. Hatukufukuzi. Unabaki masijala palepale, na mshahara wako uleule."

Zuwena alikuwa amekuja tayari kufukuzwa. Hili la kubaki hakulitegemea, na lilimwogopesha zaidi. Mtu aliyethibitishwa na daktari kwamba hupoteza vitu, meneja kama huyu atampata wapi mwingine?

"Sisaini. Sikulipoteza."

"Andika," Bernard akamwambia Recho, "amekataa kusaini kutokana na hali yake."

Jumatatu asubuhi Bernard alikuja masijala mwenyewe. Alitaka faili namba 231 na 232, majirani wa Mzee Mwinyimadi. Zuwena alivuta rejista kabla hata ya kufungua kabati. Akaandika namba, akaandika tarehe, akamgeuzia asaini.

"Nitasaini nikirudi," alisema Bernard, mafaili yako kwapani.

"Saini sasa, bosi."

"Punguza wasiwasi, Zuwena. Daktari wako hapendi wasiwasi."

Alipoondoka, mahali pa sahihi palibaki peupe. Zuwena alikuwa bado anapatazama Mzee Mwinyimadi alipofika dirishani. Amekuja kwa miguu tangu barabara kuu, shati limelowa mgongoni, na mkononi ameshika chupa ya plastiki yenye maji ya rangi ya zafarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Dada wa ofisini kanipigia, kanieleza kwamba unaumwa. Mimi sikulaumu hata kidogo. Ugonjwa ni wa Mungu."

"Mzee, siumwi hivyo. Faili lako nilimpa meneja, kwa mkono wangu huu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama tunavyomkubalia mwenye homa.

"Ndiyo, mwanangu, ndiyo. Nimekwenda kwa Maalimu Mudathir, kakuandikia kombe. Kasoma aya za kufungua kifua na kurudisha kumbukumbu, kazioshea humu. Kunywa lote, usibakize."

Akaipitisha chupa kati ya nondo za dirisha. Zuwena aliishika. Alitaka kupiga kelele, alitaka kuivunja meza, lakini katika watu wote ni mzee huyu aliyekwenda kwa maalimu kwa ajili yake. Akanywa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yananukia waridi. Akanywa mpaka tone la mwisho, mzee anamwangalia koo.

Kisha mzee akaenda kuketi kwenye benchi linalotazamana na dirisha, akaweka mikono magotini, akamkazia macho.

"Haya," alisema. "Tulia sasa, ukumbuke."